Kutoa konstanti za utatuzi ndani ya maktaba iliyokompailiwa: njia nne kwa mizani moja

Programu imeanguka. Umebaki na faili la kumbukumbu yake, na dibaga, yaani programu ya kuchunguza makosa, haijui umbo la vitu vilivyomo. Inaona baiti tu. Ili iweze kusema kwamba hapa kuna uzi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) namba fulani, lazima iambiwe kwamba namba ya uzi inakaa baiti 720 kutoka mwanzo wa strakti (`struct` ya C), na kwamba ina upana wa biti 32. Namba za namna hiyo ndizo ninazoziita hapa konstanti za utatuzi.

Waandishi wa maktaba kadhaa huziweka makusudi ndani ya maktaba yenyewe, kila moja na jina lake. V8, injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome na Node.js, huzipa majina yanayoanza na `v8dbg_`. Maktaba ya C ya GNU, yaani glibc, huzipa majina yanayoanza na `_thread_db_`, ili `libthread_db` iisaidie GDB, dibaga ya GNU, kuzitambua nyuzi. Kazi ya skripti ni kuingia ndani ya faili la baiti na kutoka na orodha ya majina na namba zake.

Hapa Lubumbashi swali hili huja kutoka pande mbili. Kuna mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anayeandika TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, juu ya uchunguzi wa programu zilizoanguka, na kuna fundi anayetunza vifaa vya kukusanya data migodini, vyenye prosesa ya ARM na maktaba ambazo chanzo chake hana. Wote wawili huuliza jambo moja: nisome matokeo ya `objdump`, nifungue faili kwa Python, nimtume GDB, au niipakie maktaba na kuiuliza yenyewe? Jibu linategemea faili ulilonalo mkononi, kwa hiyo tuziweke zote nne kwenye mizani moja.

## Vipimo

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni inachosoma: maktaba tuli ya `.a`, maktaba ya pamoja ya `.so`, au ile iliyovuliwa simboli, yaani majina ya vitu vilivyomo, kwa `strip`. La pili ni inachodai: programu za kusakinisha, mega za kupakua, na nguvu ya kompyuta. La tatu ni inavyokosea. La nne ni inayemfaa.

Kwangu mimi kipimo cha tatu ndicho chenye uzito kuliko vyote. Konstanti ikikosekana, utajua papo hapo, kwa sababu dibaga itakataa kufanya kazi. Konstanti yenye thamani isiyo sahihi haisemi lolote. Dibaga itaipokea, itasoma mahali pasipo pake, na kukuletea hadithi nzuri juu ya kosa ambalo halikutokea. Utakesha ukitafuta hitilafu kwenye msimbo ambao hauna ubaya wowote. Ndiyo maana naomba usichague njia kwa sababu ni fupi kuandika. Tazama kwanza itakwambiaje siku itakapokosea.

## Mfano wa kupimia

Tutumie kitu ambacho karibu kila msomaji mwenye Linux anacho tayari, bila kupakua chochote. Tangu glibc 2.34 ya mwaka 2021, maktaba ya nyuzi iliunganishwa ndani ya `libc.so.6`, na simboli za `_thread_db_` zinaonekana kwenye jedwali lake la simboli za nje. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35 na Debian 12 ina 2.36, kwa hiyo zote mbili zinafaa.

```
nm -D -S /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6 | grep _thread_db_pthread_tid
```

Mstari utakaotoka una anwani, kisha ukubwa `000000000000000c`, yaani baiti 12, kisha herufi `R`, kisha jina lililofuatwa na `@@GLIBC_PRIVATE`. `R` maana yake kitu hiki kiko kwenye data ya kusomwa tu. Baiti hizo 12 ni namba tatu za baiti nne nne: upana kwa biti, idadi ya vitu, na umbali kutoka mwanzo wa strakti. Kwenye x86_64 zimekaa hivi:

```
20000000 01000000 d0020000
```

Prosesa hii hutanguliza baiti ndogo, kwa hiyo zisomeke 32, 1 na 720. Ukiisoma ile ya mwisho kwa mpangilio wa kinyume unapata 3489792000. Namba kubwa kiasi hicho inajishtaki yenyewe, lakini si kila konstanti ina bahati hiyo.

Jambo moja la kushika kabla hatujaendelea: ile namba ya kwanza kwenye matokeo ya `nm` ni anwani. Thamani ya konstanti iko mahali anwani inapoelekeza. Isipokuwa pale herufi inapokuwa `A`, simboli isiyofungwa na sehemu yoyote, ambapo namba hiyo ndiyo thamani yenyewe. Wanafunzi wengi huishia kuandika anwani kwenye faili lao la kichwa cha C, nalo linakompailika bila malalamiko.

## Njia ya kwanza: `nm`, `objdump`, na kuchambua maandishi

Hii ndiyo njia kongwe, na ina historia ya heshima. Node.js ilikuwa na skripti ya Python, `genv8constants.py`, iliyoita `objdump -z -D` juu ya maktaba tuli ya V8, ikasoma maandishi yake mstari kwa mstari, ikakusanya baiti zilizo chini ya kila jina la `v8dbg_`, na kuandika faili la kichwa kwa ajili ya DTrace, chombo cha kufuatilia programu zinazoendeshwa. Iliishi miaka mingi ndani ya mradi, mpaka msaada wa DTrace ulipoondolewa kwenye Node.js 19 mwaka 2022.

Inachosoma. Karibu kila kitu. `objdump` inafungua `.a` moja kwa moja na kupita faili moja moja iliyomo ndani, jambo ambalo njia nyingine tatu zinahangaika nalo. Maktaba iliyovuliwa simboli inabaki na jedwali la nje tu, na hapo unatumia `nm -D` kupata anwani na `objdump -s` kupata baiti.

Inachodai. Kama kompyuta yako ina `gcc`, basi binutils, furushi lenye `nm` na `objdump`, ipo tayari, kwa sababu `gcc` haiwezi kumaliza kazi bila `as` na `ld`. Hulipi hata mega moja. Gharama iko upande mwingine: `-D` inageuza maktaba nzima kuwa maandishi, pamoja na msimbo wote usiouhitaji. Kwa maktaba ya ukubwa wa V8 hayo ni maandishi mengi kupindukia, na kompyuta ya kawaida itahema. Afadhali uanze na `nm` kupata anwani, kisha uombe kipande tu kwa `--start-address` na `--stop-address`.

Inavyokosea. Hapa ndipo penye shida, kwa sababu inakosea kwa njia nyingi na karibu zote ni za kimyakimya.

Ya kwanza inatuhusu sisi hasa. Kompyuta nyingi hapa mjini zimewekwa kwa Kifaransa, na binutils hutafsiri maneno yake. Skripti iliyoandikwa kutafuta mstari unaoanza na `Disassembly of section` haitauona kamwe kwenye kompyuta yenye `LANG=fr_FR.UTF-8`. Itamaliza kazi, itaandika faili tupu, na itarudisha sifuri kana kwamba mambo ni shwari. Dawa ni kuita amri zote hivi:

```
LC_ALL=C objdump -z -D maktaba.a
```

Usiitegemee kompyuta ya mtu. Iandike ndani ya skripti.

Ya pili ni ile `-z`. Bila hiyo, `objdump` huruka vipande vya sifuri na kuweka nukta tatu mahali pake. Konstanti yenye thamani 0, nazo ni nyingi, itapotea, au skripti isiyo makini itachukua baiti za konstanti inayofuata na kuipa jina la ile iliyotangulia.

Ya tatu ni prosesa. Kwenye x86 `objdump` huandika baiti moja moja kwa mpangilio wake ndani ya faili. Kwenye ARM huziandika kama neno zima la baiti nne, tayari limepangwa. Kanuni ileile ya kutafuta maandishi inatoa thamani mbili tofauti. Na ukiipa `objdump` ya kawaida faili la prosesa isiyoifahamu, inasema haiwezi kulitafsiri na kuacha hapo, ingawa `objdump -s` itaendelea kukuonyesha baiti bila tatizo.

Inayemfaa. Anayetaka kutazama konstanti mbili tatu leo na kufunga kompyuta. Pia mwenye maktaba ya `.a` asiyetaka kuifungua kwanza. Kwa skripti itakayokaa ndani ya mradi na kuendeshwa na watu wengine, inahitaji ulinzi mwingi kiasi kwamba ule wepesi wake wa mwanzo unakwisha.

## Njia ya pili: kusoma ELF moja kwa moja kwa Python

Faili la ELF, muundo wa maktaba na programu za Linux, lina mpangilio unaojulikana. Linaanza na baiti `7f 45 4c 46`. Baiti ya tano inasema ni la biti 32 au 64, ya sita inasema mpangilio wa baiti. Kila simboli ya ELF ya biti 64 inachukua baiti 24 zenye jina, aina, sehemu, anwani na ukubwa. Hakuna sababu ya kugeuza haya yote kuwa maandishi ili uyasome tena. Pyelftools, iliyoandikwa na Eli Bendersky kwa Python tupu, inakupa majedwali hayo tayari.

```python
import sys
from elftools.elf.elffile import ELFFile

def konstanti(njia, mwanzo):
    with open(njia, "rb") as f:
        elf = ELFFile(f)
        jedwali = (elf.get_section_by_name(".symtab")
                   or elf.get_section_by_name(".dynsym"))
        if jedwali is None:
            sys.exit("hakuna jedwali la simboli")
        mpangilio = "little" if elf.little_endian else "big"
        for s in jedwali.iter_symbols():
            if not s.name.startswith(mwanzo):
                continue
            if isinstance(s["st_shndx"], str):   # haimo humu, au ni A
                continue
            sehemu = elf.get_section(s["st_shndx"])
            ukubwa = s["st_size"]
            if sehemu["sh_type"] == "SHT_NOBITS":
                baiti = bytes(ukubwa)            # .bss: ni sifuri
            else:
                anza = s["st_value"] - sehemu["sh_addr"]
                baiti = sehemu.data()[anza:anza + ukubwa]
            yield s.name, [int.from_bytes(baiti[i:i+4], mpangilio)
                           for i in range(0, ukubwa, 4)]

zilizopatikana = dict(konstanti(sys.argv[1], sys.argv[2]))
if not zilizopatikana:
    sys.exit("hakuna konstanti iliyopatikana")
for jina, thamani in sorted(zilizopatikana.items()):
    print(jina, *thamani)
```

Ukiiendesha juu ya `libc.so.6` na neno `_thread_db_`, utaona `_thread_db_pthread_tid 32 1 720` katikati ya wenzake.

Inachosoma. Mafaili ya `.o` na `.so` ya prosesa yoyote, hata isiyofanana na ya kompyuta yako. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Fundi aliyenakili maktaba ya ARM kutoka kwenye kifaa cha mgodini anaisoma kwenye kompyuta yake ya x86 bila kusakinisha kitu kingine. Mstari wa `st_value - sh_addr` unafanya kazi kwa aina zote mbili: kwenye `.so` simboli hubeba anwani kamili, na kwenye `.o` hubeba umbali kutoka mwanzo wa sehemu, lakini huko `sh_addr` huwa sifuri. Faili la `.a` haifungui. Inabidi utangulize `ar x` kwenye folda tupu, na uangalie mambo mawili: mafaili mawili yenye jina moja ndani ya `.a` yatafutana, na `.a` inayoanza na `!<thin>` badala ya `!<arch>` haina kitu ndani yake zaidi ya majina ya mafaili yaliyoko kwingine.

Inachodai. Python 3 na pyelftools. Faili lake la `.whl` halifiki mega moja, kwa hiyo unaweza kulipakua mara moja, kulibeba kwenye ufunguo wa USB na kulisakinisha kwenye kompyuta zote za maabara bila intaneti. Epuka furushi la chanzo, ni zito zaidi maana limebeba mafaili ya majaribio. Upande wa kumbukumbu hainisumbui: inasoma majedwali na sehemu inazozihitaji tu, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kuianza upya si hasara.

Inavyokosea. Mara nyingi kwa sauti. Ukimpa faili la `.a` anakataa baiti za mwanzo papo hapo. Sehemu isiyokuwepo inarudi kama `None`, nawe ndiye unayeamua la kufanya. Lakini bado ana ukimya wake. Jedwali la simboli halisemi kama namba ina alama ya kutoa au haina: konstanti ya −1 itatoka kama 4294967295, na konstanti za V8 ni `int`, zenye ruhusa ya kuwa hasi. Halafu, kama konstanti ni anwani inayojazwa wakati maktaba inapopakiwa, baiti zilizomo ndani ya faili si thamani ya mwisho na zinaweza kuwa sifuri tu, na skripti itakuletea sifuri hiyo kwa uaminifu wote.

Inayemfaa. Anayejenga kifaa cha kudumu, kinachoendeshwa kila toleo jipya linapotoka. Anayefanya kazi na prosesa zaidi ya moja. Pia mwanafunzi anayetaka kueleza kwenye TFC yake kila hatua kati ya faili na namba, kwa sababu hapa hakuna hatua iliyofichwa.

## Njia ya tatu: kumtuma GDB

```
gdb -nx -batch -ex 'x/3uw &_thread_db_pthread_tid' \
    /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6
```

Hakuna programu inayoendeshwa hapo. GDB anafungua faili, anatafuta jina, na kuandika `32 1 720`. `-nx` inamzuia asisome mipangilio ya mwenye kompyuta, ili matokeo yawe sawa kwa kila mtu.

Inachosoma. Mafaili ya `.o` na `.so`, na zaidi: taarifa za DWARF, yaani maelezo ya aina na strakti ambayo kompaila huyaandika kwa ajili ya dibaga. Na hapa ndipo anapowaacha wenzake mbali. Si kila konstanti ni simboli. Kitu kilichoandikwa kama `enum` hakiachi jina kwenye jedwali la simboli, hakiachi chochote, isipokuwa ndani ya DWARF. Vivyo hivyo umbali wa kila uga ndani ya strakti. Kwa maktaba iliyokompailiwa na `-g`, `ptype /o struct jina` itakuonyesha umbali na ukubwa wa kila uga, na ndani ya Python ya GDB, `gdb.lookup_type("struct jina").fields()` inakupa nyuga zote. `bitpos` ya kila uga ukiigawa kwa 8 unapata umbali kwa baiti, na kwa `enum` kuna `enumval`. Vilivyoandikwa kwa `#define` vinaonekana tu kama maktaba ilikompailiwa kwa `-g3`.

Inachodai. Taarifa hizo zenyewe. Maktaba inayokuja na mfumo kwa kawaida imevuliwa, na furushi la taarifa zake za utatuzi mara nyingi ni zito kuliko maktaba. Anayenunua mega kwa siku analisikia jambo hili mfukoni. Zaidi ya hapo, kama mfumo wako umewekewa `DEBUGINFOD_URLS`, GDB anaweza kutaka kuzipakua mwenyewe. Ongeza `-iex 'set debuginfod enabled off'` mpaka utakapoamua. Kwa maktaba kubwa, anakula kumbukumbu vya kutosha kuilaza kompyuta yenye giga nne. Na kwa faili la prosesa nyingine unahitaji `gdb-multiarch`.

Inavyokosea. Kwa heshima kuliko wote. Ukimwomba thamani ya simboli asiyoijua aina yake, anakataa na kusema uitaje aina kwanza. Akiwa na DWARF anajua hata kama namba ni hasi. Kosa lake kubwa linatoka nje: taarifa za toleo moja kuunganishwa na maktaba ya toleo jingine. GDB hulinganisha kitambulisho cha ujenzi (build ID) akitafuta faili la taarifa mwenyewe, lakini ukimlazimisha kwa mkono, jukumu ni lako. `readelf -n` inaonyesha kitambulisho hicho, kilinganishe.

Inayemfaa. Mwenye maktaba aliyoijenga mwenyewe kwa `-g`, au anayetafuta umbali wa uga na thamani za `enum` ambazo hakuna aliyezipa simboli. Kwa huyu hakuna njia nyingine kati ya nne itakayomfikisha kwa urahisi.

## Njia ya nne: kuipakia maktaba na kuiuliza

```python
import ctypes
m = ctypes.CDLL("libc.so.6")
print(list((ctypes.c_uint32 * 3).in_dll(m, "_thread_db_pthread_tid")))
```

Mistari mitatu, na jibu ni `[32, 1, 720]`.

Inachosoma. `.so` tu, ya prosesa ileile, na simboli zilizo kwenye jedwali la nje tu. `.a` hapana. Ila inaona thamani baada ya kipakiaji kumaliza kazi yake, kwa hiyo zile konstanti za anwani zinazoweza kutoka sifuri kwenye njia ya pili, hapa zinatoka kamili.

Inachodai. Python tupu.

Inavyokosea. Jina lisipokuwepo, Python inalalamika papo hapo, vizuri. Ukikosea ukubwa, inasoma baiti za jirani bila kusema neno. Na ukiomba maktaba kwa jina tu, kipakiaji ndicho kinachoamua ni nakala gani, nayo inaweza isiwe ile iliyokuwa ikitumika programu ilipoanguka. Kubwa kuliko yote: kupakia maktaba ni kuendesha msimbo wake wa kuanzishia. Maktaba uliyopewa kwenye ufunguo wa USB na mtu usiyemfahamu, usiipakie. Isome kama faili.

Inayemfaa. Anayeandika jaribio ndani ya mradi wake mwenyewe, kwenye kompyuta ileile inayoendesha programu.

## Sasa wewe, kwa hali yako

Ukiwa na chanzo cha maktaba, fikiria kwanza kutotoa kitu chochote. Kernel ya Linux hufanya hivyo kwa umbali wa strakti zake: faili dogo la C linakompailiwa mpaka hatua ya lugha ya asembli, namba zinachotwa humo, na `asm-offsets.h` inaandikwa. Kompaila yuleyule anayejenga programu ndiye anayejibu swali. Kama ni lazima zikae ndani ya maktaba, zipe majina yenye mwanzo mmoja, kama V8 walivyofanya, na njia ya pili itazikusanya kwa urahisi.

Ukiwa na `.so` ya prosesa nyingine, bila chanzo, kama yule fundi wa ARM, anza na `file`, kisha `nm`, kisha `nm -D`. Kama majina unayoyatafuta yapo, chukua njia ya pili. Kama `nm -D` haionyeshi kitu na hakuna DWARF, konstanti hizo hazimo kwa majina, na hakuna skripti itakayozirudisha. Mwombe aliyekuuzia kifaa furushi la taarifa za utatuzi, ukimpa kitambulisho cha ujenzi. Hakikisha pia leseni inakuruhusu kuichungulia maktaba hiyo.

Ukiwa na `.a` kubwa na haraka ya siku moja, njia ya kwanza inatosha, ukiwa na `LC_ALL=C` na `-z`. Chagua konstanti mbili unazozijua thamani yake kutoka kwenye chanzo, moja ikiwa sifuri, na uilazimishe skripti isimame zisipolingana. Kama `.a` ilikompailiwa kwa `-flto`, yaani uboreshaji umeahirishwa mpaka wakati wa kuunganisha, ndani kunaweza kuwa na umbo la kati la kompaila tu, bila data ya kusoma. Hapo subiri maktaba ya mwisho baada ya kuunganishwa.

Ukitafuta `enum` au uga wa strakti, ni GDB. Ukiwa na mega chache, fanya kazi hiyo mara moja mahali penye intaneti nzuri, andika matokeo kwenye faili la maandishi pamoja na kitambulisho cha ujenzi kwenye mstari wa kwanza, na ubebe hilo faili.

Na ukiwa unaandika skripti ambayo wengine wataiendesha baada yako, njia ya pili iwe ndiyo kazi, ya tatu au ya nne iwe shahidi. Zikitofautiana kwa konstanti hata moja, skripti isiandike faili lolote, itaje jina la konstanti hiyo na thamani zote mbili, na irudishe namba ya kosa ili ujenzi usimame.